Bendi Mbili za Shangazi Rhobi

Wegesa alikuwa fundi cherehani mjini Musoma, na kwa miaka miwili alipiga gitaa la besi kwenye bendi mbili ambazo hazikusalimiana.

Zote zilipiga jazi huru. Si ile jazi ya dansi yenye wimbo na kiitikio. Hii haina wimbo uliopangwa, kila mpigaji hutunga papo hapo huku akisikiliza wenzake. Kufanana kuliishia hapo. Bendi ya Boniphace, mwalimu wa sekondari na mpiga tarumbeta, ilikutana kwenye ukumbi mdogo Buhare. Walipiga kidogo, wakanyamaza kirefu, na wasikilizaji wao, walimu na watu wa ofisini, walikaa bila hata kukohoa. Bendi ya Mhoja, mkulima wa pamba na mpiga saksafoni, ilipiga Bunda kwenye ghala tupu la pamba. Huko wote walipiga kwa pamoja mpaka mabati yakatetemeka, na watu walipiga vigelegele, wengine wakalia.

Ugomvi ulianza siku Mhoja alipokwenda Buhare na saksafoni yake iliyofungwa kwa mpira wa baiskeli, akaomba kupiga nao. Alipuliza dakika tatu tu. Boniphace akamkatisha mbele ya wageni.

"Mzee, hapa hatufukuzi ndege shambani."

Watu wakacheka. Mhoja akaizungushia saksafoni kanga ya mkewe, akaondoka.

Wegesa alikuwepo, na yeye pia alicheka. Ndiyo maana baadaye, alipoanza kwenda Bunda kila Jumamosi, aliona haya kusema. Kwa Boniphace alidai anakwenda Bunda kumwona mama yake. Kwa Mhoja hakusema kitu, na Mhoja hakuuliza.

Wakati huo shangazi wa Wegesa, Rhobi, alikuwa kitandani kwake Mwitongo, kule Butiama, baada ya kupasuliwa mgongo. Kwa miezi minane Wegesa alimtumia kwa simu muziki aliorekodi, wa Buhare na wa Bunda, bila maelezo. Rhobi alipoweza kutembea akaandaa sala ya shukrani, akampigia.

"Mwanangu, niletee hiyo bendi yenu."

"Ipi, shangazi?"

"Kwani ziko ngapi? Wa tarumbeta na wa saksafoni, waje wote."

Wegesa alikosa ujasiri wa kumweleza. Akawaalika wote, kila upande ukidhani uko peke yake.

Siku yenyewe, saa nane mchana, pikapu iliyombeba Mhoja na wenzake iliingia uani na kukuta gari la Boniphace limeshaegeshwa.

"Wegesa," Boniphace aliita, "hawa wamefuata nini hapa?"

"Nimewaalika mimi, mwalimu. Napigaga nao. Mwaka wa pili huu."

"Kumbe mama yako wa Bunda ndiye huyu!"

Wegesa alimgeukia Mhoja. "Baba, siku ile Buhare nilikuwepo. Na mimi nilicheka."

"Najua," Mhoja alisema. "Ulikaa karibu na dirisha. Ulipokuja ghalani, tukipandisha muziki, wewe ulikuwaga unaacha nafasi katikati, kama wanavyofanyaga hawa. Wenzangu walitaka nikufukuze. Nikawaambia mwacheni, hiyo nafasi ndiyo napumulia."

Wegesa alishika ukingo wa pikapu. Miaka miwili alikuwa akificha kitu ambacho Mhoja mwenyewe alishakijua!

Boniphace alikuwa anarudisha tarumbeta garini. Rhobi akatoka ndani na fimbo yake, akamfuata polepole.

"Wewe ndiye wa tarumbeta?"

"Ndiyo, mama."

"Maumivu yakipungua nilikuwaga naweka ya kwako, napata usingizi. Yakizidi naweka ya huyu mzee, ananililia, maana mimi sikuwa na nguvu ya kulia. Sasa unakwenda wapi?"

Boniphace akaitoa tena tarumbeta garini, akamwendea Mhoja.

"Mzee, lile neno la ndege. Nilikosea. Nilitaka wageni wacheke."

"Na walicheka." Mhoja hakutabasamu. "Mke wangu ndiye aliyeumia zaidi. Utakuja umwambie yeye."

"Nitakuja."

Mwanzoni muziki ulikwenda ovyo. Wa Buhare wakinyamaza, wa Bunda walidhani wenzao wamechoka, wakazidisha. Baadhi ya wageni wakahamia kwenye masufuria. Halafu Boniphace akapuliza sauti moja ndefu, na Mhoja hakuifunika. Aliingia chini yake, taratibu. Wegesa akaacha nafasi, na safari hii hakuna aliyeijaza. Rhobi alifumba macho kwenye kiti chake.

Baadaye Wegesa alikaa kwenye kreti na sahani ya ugali na sato. Wiki mbili nzima, tangu awaalike, chakula kilikuwa hakipiti. Sasa aliimaliza, akaomba nyingine. Boniphace akachuchumaa kando yake.

"Jumamosi huko ghalani mnaanzaga saa ngapi?"

"Saa tisa, mwalimu," alijibu mdomo umejaa. "Lakini wewe uje saa saba. Uanzie kwa mke wa Mhoja."