Tafsiri ya Nurdini

Sikumwamkia. Mzee wa miaka sabini na kitu, fundi redio, amekaa kibarazani kwake mtaani Isevya, na mimi mwalimu mzima nimesimama mbele yake bila shikamoo. Majirani wakinisema, waniseme.

Nilimtupia kitabu mapajani. "Nimekisoma chote. Na ile filamu yake nimeitazama tena jana kwenye simu. Mzee Nurdini, wewe ni mwongo."

Miaka thelathini iliyopita ndiye aliyekuwa na kibanda cha video. Watoto tulikaa mkekani mbele, wakubwa kwenye mabenchi nyuma, naye alisimama kando ya luninga na kipaza sauti, anatutafsiria. Filamu hiyo, ya binti anayepita chini ya maporomoko ya maji kumfuata mama yake katika nchi ya ndege, niliiona nikiwa na miaka minane. Asubuhi ya siku hiyohiyo mama yangu, Batuli, alikuwa ameniaga kwamba anakwenda kijijini Ipole kufuata asali, atarudi kesho. Hajarudi mpaka leo.

Mwishoni mama wa kwenye filamu anamshika binti mashavu na kusema naye. Nurdini akatafsiri: "Usihame nyumbani, mwanangu. Mvua zikianza, nitarudi."

Nikasikia mtu analia mabenchini, nikataka kugeuka. Nurdini akanifokea kwa jina kwenye kipaza sauti: "Asmahani, macho mbele!" Kibanda kizima kikanicheka.

Nikaamini, mjinga mimi. Shangazi alipokuja kunichukua nikaishi naye Ziba, niling'ang'ania nguzo ya mlango mpaka akaondoka peke yake, nikalelewa na majirani. Mume wangu, Fikiri, alipohamishiwa Mbeya nilimwambia atangulie; sasa ana mke mwingine huko. Kila Novemba nafagia chumba cha mama na kubadilisha shuka. Halafu juzi shuleni nafungua boksi la vitabu vya msaada, nakuta kitabu cha filamu ileile, nasoma, kumbe mama yule anamwambia mwanawe: sirudi, usinisubiri, nenda ukaishi.

"Kitabuni ni hivyo, na kwenye filamu ni hivyohivyo," nilimwambia. "Kama Kiingereza kilikupiga chenga, si ungenyamaza?"

"Nilikielewa," alisema.

"Sasa?"

Akavua miwani. "Maneno yale hayakuwa yangu. Mama yako alikuja kabla sijawasha mitambo, ana begi lake, anasubiri treni ya Kigoma. Akaniambia, Nurdini, pale mwisho mwambie mwanangu hivi na hivi. Kisha akaenda kukaa benchi la nyuma kabisa."

Nikakikumbuka kile kilio cha mabenchini.

"Nilipotaka kugeuka…"

"Aliniomba usimwone, mwanangu. Alisema ukimwona hataweza kuondoka."

"Hataweza kuondoka!" Nilipiga kelele mpaka majirani wakatoka nje. "Ulijua hilo, mzee, na bado ukaniambia macho mbele?"