Bibi Modesta na Darubini

Siku ya harusi ya Winfrida niliachwa nyumbani kumwangalia bibi yetu, Modesta, na niliudhika kweli. Pilau liko bondeni kanisani, nami niko mlimani nanusa moshi wake!

Magoti ya bibi yalikuwa yamegoma, na njia za Mgeta baada ya mvua hazina huruma. Vijana walitaka kumbeba kwenye kiti, akakataa. "Mimi si gunia la karoti."

Lakini Winfrida, mjukuu aliyemlea mwenyewe, alikuwa ameapa haingii kanisani kabla ya kumwamkia bibi yake. Na gari lililomleta kutoka Mwembesongo lilikwama kwenye tope, likafika misa inakaribia kuanza. Hakukuwa na muda wa kupanda kwetu. Bibi alilia, hasira zangu zikaniisha.

Nikakumbuka darubini ya mjomba Agustino, anayewapeleka wageni msituni kutazama ndege. Nikamketisha bibi uani, nikamshikisha hiyo darubini.

"Mama yangu!" akamaka. "Ndiyo bwana mliyemtafutia mtoto wangu? Mfupi kuliko kabichi!"

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Alikuwa ameishika kinyume. Nikaigeuza.

Kisha akanyoosha mkono, akapapasa hewa, anataka kumwekea Winfrida shela sawa. "Amekonda," akasema. "Lakini kapendeza. Ananitazama. Anapiga goti... Marahaba, mwanangu, marahaba!"

"Bibi, hakusikii! Yeye hana darubini."

Kweli, nilipochungulia, Winfrida alibaki amepiga goti kwenye majani mabichi mbele ya kanisa, anasubiri kuitikiwa, na padri anamsubiri yeye. Basi nikaweka mikono mdomoni, nikaita kama tunavyoitana mashambani: "Marahabaaa, Winfridaaa!" Chini yetu mama Felista, aliyekuwa akifunga kabichi za lori la Dar, akaidaka salamu, akaipaza. Jirani wa chini yake naye akaipokea. Ikateremka shamba kwa shamba, sauti nzito, sauti nyembamba, mpaka bondeni.

"Imefika?" nikauliza, roho juu.

Bibi alikuwa anapiga vigelegele, machozi yanamtiririka, darubini inamrukaruka kifuani. Nikaivuta. Winfrida alikuwa ameshasimama, anapunga mikono yote miwili kuelekea kwetu, ua limemdondoka wala hana habari.

Bibi akanipokonya, akatazama tena.

"Ah, bwana mwenyewe mrefu," akasema. "Waambie wamwambie ainame mlangoni."

Nikaweka mikono mdomoni tena.