Jino la Shangazi na Simu Mpya

Alhamisi hiyo Redio aliingia kazini kama mtu asiyekanyaga chini. Jana yake jioni alikuwa amebadilisha simu. Ile ya zamani, yenye kioo kilichopasuka na kamera inayoona kila kitu kama kimemwagiwa uji, kaiacha huko huko dukani bila hata kuiaga. Tangu hapo kila kilichosimama mbele yake kilipigwa picha: ndala za kaka yake, sisimizi ukutani, kibao cha duka la ng'ambo ya barabara alichokivuta mpaka namba ya simu ikasomeka. Hawakumwita Redio bure. Kabla hajashusha mkoba alikuwa ameshatangaza habari yote.

"Fundi, tazama. Hilo ni vumbi la plasta kwenye kucha yangu. Unaona chembe moja moja?"

Fundi alikuwa mwenye karakana, chumba kimoja chini ya kliniki ya daktari wa meno. Miaka thelathini alikuwa akitengeneza humo meno ya bandia ambayo daktari huyavisha watu huko juu. Akainua miwani.

"Nipige na mimi," akasema.

Akapigwa. Akaishika simu kwa mikono miwili, akajitazama, akajitazama tena. "Kumbe sijachakaa sana," akasema, na siku hiyo akawa mpole kupita kiasi.

Karakana ilikuwa na sheria moja isiyovunjwa: mdomo haupigwi picha bila jino la mfano. Meno ya mfano yalikuwa kumi na sita, yamepangwa kwenye kishikio, kila moja na namba yake, kuanzia jeupe la tangazo la dawa ya meno mpaka lile la mtu aliyekunywa chai tangu utotoni. Unachukua moja, unalisogeza karibu na jino la mteja, dirishani, ndipo unapiga. Picha ikidanganya, itayadanganya yote mawili, na wewe utajua.

Saa nane akaingia shangazi yake Redio, mdogo wa baba yake, mkono mdomoni. Jino la mbele lilimvunjikia kwenye ngazi mwaka juzi, kikabaki kisiki, na tangu hapo mkono haukushuka. Alicheka nyuma ya mkono, akasalimia nyuma ya mkono.

"Jumatatu naanza kazi mapokezi," alisema. "Mapokezi, mwanangu. Nitamkaribisha mtu nimeziba mdomo, adhani ananuka?"

"Shangazi, usijali. Rangi nachagua mimi. Fundi kaniachia."

Na ni kweli, mara ya kwanza. Mwaka mzima Redio alikuwa akikoroga plasta na kuosha vifaa, diploma yake ikiwa kwenye bahasha nyumbani. Basi akampiga shangazi picha kumi na tatu: mbele, ubavu, akitabasamu, akigoma kutabasamu. Kamera ilizungushia uso kijimraba cha njano, ikafikiri kidogo, ikamtoa shangazi anang'aa. Kishikio cha meno ya mfano kikabaki mezani, hatua mbili kutoka kwake.

"Namba ngapi?" Fundi akauliza.

"Namba moja, Fundi. Ona mwenyewe."

Fundi akaiona picha, akakumbuka ya kwake, akakubali kwa kichwa. "Familia yenu mna meno mazuri."

Ijumaa kutwa Redio alilijenga jino kwa brashi, tabaka juu ya tabaka, akalichoma kwenye tanuri. Likatoka dogo, safi, jeupe. Jumamosi saa nne daktari angelivisha.

Jioni akarudi nyumbani anaimba. Kaka yake alikuwa mlangoni na kikombe chake cha chai, cha tano tangu asubuhi, na meno yake yalikuwa na ushahidi wote.

"Cheka, kaka, nikupige."

Kaka akacheka. Redio akatazama picha, na wimbo ukamkatikia. Kwenye simu kaka yake alikuwa na meno ya mtoto.

"Fungua mdomo."

"Kuna nini?"

"Fungua tu, wewe."

Meno ya chai. Akatazama simu. Meno ya maziwa. Akapiga kikombe, kikatoka na doa lake. Akapiga ukuta, ukatoka na uchafu wake. Akapiga tena kaka, meupe.

"Simu yako inanipenda kuliko wewe," kaka akasema. "Kamera nzuri hiyo. Tuiache hivyo hivyo."

Redio hakucheka. Alikuwa ameketi, akasimama, akaketi. Kumpigia shangazi? Amwambie nini? Kwenda sasa hivi? Kumeshaanza giza, na rangi ya jino haisomwi kwenye taa. Kunyamaza? Hapo akamwona shangazi nyuma ya kaunta, jino moja likiwaka kama balbu katikati ya wenzake, na mkono ukipanda tena mdomoni, safari hii kwa sababu yake. Usiku huo alisikia jogoo kabla jogoo hajaamua kuwika.

Saa kumi na mbili na nusu alikuwa mlangoni kwa shangazi. Kishikio alikuwa amekipitia karakana, maana ufunguo mmoja anakaa nao.

"Nani kafa?" shangazi akauliza kupitia upenyo wa mlango.

"Hakuna. Njoo dirishani. Usipige mswaki kwanza."

"We mtoto umerogwa."

Lakini akaja, na khanga yake begani. Redio akajaribu namba moja, akaona aibu. Namba mbili, bado. Namba tatu ikakaribia. Namba nne ikazama kabisa kati ya meno ya shangazi, ikapotea kama imezaliwa humo.

"Nilikosea, shangazi. Niliiamini simu. Jino lako nimelifanya jeupe mno."

Mkono wa shangazi ukapanda. "Na saa nne?"

"Saa nne litakuwa tayari," akasema Redio, akashuka ngazi mbili mbili.

Jambo moja lilimwokoa: jino jeupe mno unaweza kulipaka rangi na kulichoma upya, ila la giza huwezi kulirudisha nyuma. Alikuwa na brashi yenye nywele tatu mkononi, anaweka unjano karibu na ufizi, Fundi alipoingia karakana.

"Nani kakwambia uliguse?"

Akamweleza yote, bila kupamba. Fundi akatoa simu yake, akaifungua picha aliyotumiwa juzi, akaenda nayo kwenye kioo cha ukutani. Akafunua meno. Akatazama kioo, akatazama simu.

"Mimi," akasema polepole, "miaka thelathini nayatazama meno." Akavuta kiti karibu na tanuri. "Ongeza kidogo pembeni. Usiguse ncha."

Wakalichoma. Wakasubiri. Redio alizunguka meza mpaka Fundi akamwambia aketi, anamtia kizunguzungu.

Saa tano kasorobo shangazi akashuka kutoka kwa daktari. Akasimama dirishani, akafungua mdomo. Fundi akasogea, akarudi nyuma, akasogea tena.

"Lipi?" akauliza.

Shangazi akaangua kicheko. Mkono ukanyanyuka kwa mazoea, ukafika kidevuni, ukakosa kazi, ukaenda kutengeneza mtandio.

"Nipige picha," akasema. "Niwatumie watu."

Redio akapiga. Kijimraba cha njano, ikafikiri kidogo, ikatoa safu ya meno meupe, yote sawa, ya mtu asiyejulikana. Unjano wa ufizini haukuonekana, wala usiku wake haukuonekana. Hata jino lile jeupe la jana lingepita humo.

"Imetokaje?" shangazi akauliza.

"Wewe cheka tena," akasema Redio, na simu akaitia mfukoni.