Kuku wa Kioo

Mke wa Bosi Kuku alikuwa bandani asubuhi, anasugua vyombo vya maji, alipoona kuku mmoja anaonekana mpaka ndani. Ngozi na manyoya vilikuwa mahali pake, ila vimekuwa kama kioo cha dirisha kilichopanguswa vizuri. Koo la hewa lilikuwa jekundu, bandama imevimba, na kile kitumbo kinachotangulia firigisi kimejaa madoa ya damu. Alimaliza chombo kile, akachukua kingine. Kabla chai haijachemka, banda zima lilikuwa hivyo.

Alijua ni kideri, ugonjwa unaomaliza kuku wa banda zima. Alijua pia kwa nini chanjo haikuwakinga: mumewe aliinunua mjini, akaiacha juani ndani ya gari huku yeye kakaa kilabuni akibishana habari za mpira. Kisha akaja kuwanywesha kuku kwa mbwembwe, kavaa glavu mpya. Mwanamume yule glavu hakukosa. Alichokosa ni akili.

“Tuwachome, tuwafukie,” mke alisema. “Lori la mchuuzi likipita nao pale kwa mdogo wangu, kuku wake watakwisha.”

Mdogo wake alikuwa mjane mwenye banda kando ya barabara, na kuku ndio waliowalisha wanawe na kuwasomesha. Hakuwa na kingine.

Bosi Kuku aliinama, akakagua maini ya kuku mmoja kama anayesoma bei. “Mama watoto, usinitie mkosi. Nani anakula bandama?”

Mchuuzi alikuja na lori. Alimnyanyua kuku kuelekea mwangani, shingo imepinda inatazama mgongo, kinyesi cha kijani kinamtiririka mkononi.

“Huyu hana unafiki,” alisema.

Mke akamwambia kwamba madoa yale ni ugonjwa.

“Nayaona, mama. Kwani mimi kipofu?” Akaendelea kupakia.

Sokoni, watu wanaomvunjia heshima muuza nyanya kwa sababu ya doa moja walisukumana kugombea kuku wenye madoa mengi. Haikupita muda, kuku asiyeonekana ndani akaitwa kuku wa siri, na hakuna aliyemtaka. Afisa mifugo alifika, akapiga picha na Bosi Kuku, akaondoka na kuku wawili chini ya kwapa. Mke alisimama nyuma yao akinuka dawa ya kusafishia banda, akiwadharau wote bila upendeleo. Banda lilipopungua Bosi Kuku alileta kuku wapya, nao wakaugua; na kila lori lilipotoka, mke alimpigia mdogo wake simu.

“Wafungie ndani. Mwaga dawa mlangoni.”

“Nafanya, dada,” mjane alijibu. “Ila wangu hawauziki tena. Watu wanakuja, wanawatazama manyoya, wanaondoka.”

Kisha mjane akapiga mwenyewe, sauti imechangamka.

“Dada, wangu nao wameanza kung’aa. Wiki iliyopita nilimsimamisha dereva wa lori lenu, akaniuzia mmoja mbovu mbovu, nikamchanganya nao. Leo nimeamka naona mpaka figo. Mungu hamtupi mja wake.”

Dada mtu alikaa juu ya gunia la pumba. Huko nje, Bosi Kuku alikuwa anamwonyesha fundi mahali pa kujenga banda la pili.

“Wanakula?” aliuliza.

“Hawali. Wameinamisha vichwa tu, wametulia.”

“Basi uza leo,” alisema. “Kesho hutakuwa na wa kuuza.”