Chambo Asiyesalimia

Usiku wa jana niliota, na sitanii, kwamba kobe mwenye miwani anataka kunibadilisha jina kiserikali.

Chanzo kinajulikana mtaani kwetu. Jumapili tatu nimekwenda kumvua tausi, yule samaki wa kigeni mwenye doa kama jicho mkiani, kwenye bwawa la maji ya magotini lililojaa magugu. Jumapili tatu nimerudi na magugu. Shemeji yangu Mwanaidi akaanza kuniita Magugu, mtaa ukadaka. Mimi mtu mzima, navumilia. Lakini binti yangu ana siku tisa, na mtoto hubeba jina la baba. Nataka aitwe Rahiya Hamdani. Rahiya Magugu? Jamani, mtoto kakosa nini!

Kobe amekaa kwenye jani la yungiyungi, mhuri mkononi.

"Ukimpata tausi kabla wino haujakauka, unabaki Hamdani," ananiambia. "Ukimkosa, nagonga."

Nafungua kisanduku, chambo wote wanasimama. Namchagua samaki wa plastiki, anang'aa, ndoano tatu tumboni, kalelewa vizuri. Namrusha. Anatua mbele ya gugu.

"Shikamoo," analiambia gugu, akilinyooshea mkono. "Za nyumbani? Watoto hawajambo?"

"Marahaba," linajibu gugu. "Wazima, ila mkubwa ana mafua."

"Pole sana. Na wale wa kule mtoni?"

Ndoano zake tatu ndiyo mikono yake, na kila mkono umeshikwa na gugu. Bwawa zima lina magugu, na kila gugu lina ukoo.

"Twende basi!" nafoka.

"Nipiteje bila kusalimia, kaka? Mimi si mnyama."

Navuta. Anakuja na ukoo mzima, wamemsindikiza. Kumbe kosa ni langu! Jumapili zote tatu nimekuwa nikimtuma mwenye adabu.

"Wino unakauka," anasema kobe.

Sasa bwawa ni sebule ya wakwe zangu. Maji bado magotini, magugu yameota kwenye zulia, na tausi mwenyewe yuko kwenye kochi anakunywa chai.

"Sina njaa," ananiambia kabla sijauliza. "Nalinda watoto. Wako chini ya kabati."

"Hata mimi. Wangu ana siku tisa."

"Hongera. Wa kike?"

"Wa kike."

"Basi tunaelewana. Lakini siumi kitu kwa kuombwa. Lazima niudhiwe."

Kisandukuni kabaki chura wa mpira, ndoano kaificha mgongoni.

"Mimi sisalimii mtu," anasema. "Ndiyo maana unaniweka chini kabisa."

Namrusha. Anapita juu ya magugu, mikono mfukoni, hageuki. Magugu yanaguna: huyu mtoto wa nani? Anafika kwenye kochi.

"Wewe," anamwambia tausi, "watoto wako wabaya, wamefanana na wewe."

Jikoni, Mwanaidi anadondosha sufuria.

Tausi anaruka, chai inamwagika, chura anamezwa. Naparamia kochi, namshika samaki mdomo wa chini kwa dole gumba. Nimempata! Napiga vigelegele kama mwanamke, sioni haya.

"Hongera," anasema tausi, mdomo wazi. "Na wale watoto atawalinda nani?"

Naangalia chini ya kabati. Macho madogo mia mbili yananiangalia. Roho inaniuma.

"Mzee," namuuliza kobe, "nikimwachia, jina langu je?"

Kobe anafuta miwani. "Sheria inasema umpate. Haijasema umle."

Nikamwachia.

Nikaamka. Mlangoni kasimama Mwanaidi, kambeba mtoto.

"Hamdani, mpokee mwanao, nimpelekee dada uji."

"Leo umeniita Hamdani?"

"Najua basi? Lile jingine nimejaribu, limegoma kutoka."

Nikanyoosha mikono. Dole gumba la kulia lilikuwa limekwaruzika, michubuko midogo midogo, bado mibichi. Nikampokea Rahiya Hamdani kwa uangalifu, kidole kile nikakiweka mbali na shavu lake.