Mkwe wa Daraja la Kwanza

Rozalia hakuwahi kuona mahali ambapo watu wanalipia kukaa bure. Kwao Makanyagio, mjini Mpanda, mtu akishinda mchana kutwa mikono mapajani, majirani watapiga hodi waulize anaumwa nini. Huku juu ya meli, daraja la kwanza, kukaa ndiyo kazi yenyewe. Viti vya turubai vimepangwa kutazama ziwa, na ziwa lenyewe halina jipya tangu walipoondoka Kigoma jana yake. Mtu anatazama maji, anapiga miayo, anaagiza soda, anayatazama tena asije akakuta yametoroka.

"Hii ndiyo starehe, bibi," Gelasius alimwambia. "Siku nzima baharini, hufanyi kitu."

"Bahari ya wapi? Maji haya nimeyanywa asubuhi."

Gelasius alicheka. Alikuwa kijana mrefu, mwenye duka la vipuri vya baiskeli Kigoma, miwani ya jua usoni hata kivulini. Ndiye aliyemtaka Theopista, mjukuu wa Rozalia. Wanaume wa ukoo walikuwa wamesema wanawake watangulie wakaone anakoishi, neno watakalorudi nalo ndilo litakalofuatwa. Basi Rozalia na binti yake Goreth, mama mzazi wa Theopista, walipanda treni Mpanda wakaenda. Nyumba waliiona, ya bati na sakafu ya saruji, haina kasoro. Kurudi, Gelasius akasema hapana, treni ni ya watu wa kawaida, yeye atawasindikiza kwa meli mpaka Karema, wapande lori la Mpanda wakiwa wamepumzika.

Rozalia alikuwa na ndiyo mdomoni. Siku ya kuondoka Mpanda, Theopista alimshika mkono stesheni akamwambia, "Bibi, usimwonee. Mimi nampenda." Mzee gani atampinga mtoto aliyesema hivyo? Alichotaka ni siku hii ipite salama, wafike Karema, alitoe hilo neno ashuke zake.

Lakini siku ilianza vibaya. Gelasius alipanga viti vitatu mstari mmoja, chake katikati, cha Goreth ubavuni pake, kama wanafunzi wa dawati moja. Huyu ni mtoto wa Usevya, jirani zao wa mila moja, si kwamba hakujua. Kwao, mkwe na mama mkwe hawatazamani wala hawali pamoja. Mkwe akitokea njiani, mama mkwe anapisha kando hadi apite, na hiyo si chuki. Ni kumwambia: kwa kuwa unamchukua binti yangu, umekuwa mkubwa machoni pangu. Bibi peke yake ndiye mwenye ruhusa ya kumwita mkwe mume wangu na kumtania anavyotaka.

Goreth aliinuka. Alibeba kiti chake, akakigeuza kikatazama ukuta wa vyumba, akajifunika kanga kichwani. Alilipiwa daraja la kwanza akatazame misumari.

"Mama anaona haya," Gelasius alisema. "Atazoea."

"Mume wangu, kitendawili."

"Tega."

"Ana macho manne, na mama mkwe aliye hatua mbili hamwoni."

Gelasius alifikiri kidogo, akachoka. "Sijui, bibi. Chukua mji."

"Mji wenyewe uko wapi, nawe unalala kwenye kiti? Vua hiyo miwani, jibu litakuja lenyewe."

Akacheka tena, hakuivua.

Jua lilipopanda walitoka wazungu wawili, mume na mke, waliokuwa wakienda Zambia. Wakavua nguo mpaka zikabaki za ndani, wakajipaka mafuta kama samaki anayesubiri kikaango, wakalala chali. Rozalia aliwatazama kwa huruma. Watu wametoka kwao mbali hivyo, na kumbe walichofuata ni jua, kitu ambacho sisi tunakikimbia kwenda kivulini. Hao ni wageni, hawana mkwe hapa, hawakuwa kazi yake.

Kazi yake ilikuwa Gelasius, ambaye aliwatazama, akatazama shati lake, akafungua kifungo. Kisha cha pili.

"Unafanyaje?" Rozalia aliuliza.

"Napunga upepo."

"Upepo haupiti kwenye shati?"

Alilivua lote, akalitundika nyuma ya kiti, akajinyoosha na kitambi chake kidogo cha mwenye duka. Goreth alikuwa amegeuka kumwomba mama yake maji. Alimwona mkwe kifua wazi, akageukia ukuta upesi kama aliyechapwa.

Rozalia aliinuka, akatoa kitenge alichojifunga juu ya gauni, akamtupia kijana kifuani. Alisema kwa sauti ya utani, na kila mtu wa kwao angejua utani huo umebeba nini. "Mume wangu, jifunike. Kisha umwombe mama radhi. Na mbuzi wa kufuta aibu utamleta siku ya posa, tusahau."

Njia ilikuwa nyeupe. Radhi moja tu, na mbuzi.

Gelasius alikikunja kitenge akamrudishia. "Bibi, nyie watu wa Mpanda mtastaarabika lini? Mimi ndiye nimelipa hapa. Mbuzi wa nini tena? Hapa si kijijini, hapa ni melini."

Rozalia aliketi. Ndiyo ilikuwa bado mdomoni, ila sasa ilikuwa chachu. Alimfikiria Theopista, akajisemea labda ujana, labda jua limempanda kichwani.

Mchana mhudumu aliwaita kula. Gelasius alirudisha shati mabegani, vifungo wazi, akawaketisha meza moja yenye kitambaa cheupe, Goreth uso kwa uso naye. Waliletewa wali na migebuka wa kukaanga. Meza ya pili alikaa mzee Salvatori, katekista wa Karema, aliyewajua tangu zamani. Aliona mpangilio huo, akainamia sahani yake kwa aibu isiyo yake.

"Mama, kula," Gelasius alisema. "Acha mambo ya kizamani."

Goreth alinyoosha mgongo. Kisha aliishusha kanga kutoka kichwani mpaka mabegani. Aliinua uso, akamtazama Gelasius machoni, taratibu, kama mtu anavyomtazama mpita njia aliyeuliza barabara. Akamega samaki, akala mbele yake.

"Kijana," alisema, "nisogezee chumvi."

Mzee Salvatori aliacha kutafuna.

Gelasius alifurahi mno. Alisogeza chumvi, akasogeza na pilipili. "Umeona, bibi? Si nilisema atazoea?"

Rozalia alimtazama Goreth. Ukubwa aliopewa huyu kijana tangu jana, wa kukimbiwa na kufunikiwa uso, mwanawe alikuwa ameuvua mezani bila kelele, na aliyevuliwa anashukuru kwa pilipili. Mtu ambaye mama wa Theopista anamlia samaki usoni si mkwe wake tena. Ni abiria.

Walifika Karema jua likiwa bado juu. Meli haigusi nchi pale, mitumbwi ndiyo hufuata watu. Wanawake walishuka ngazi, na Gelasius akainama kutoka kwenye ukingo.

"Bibi, hujanipa neno langu."

"Mama yake ameshakupa."

"Lini?"

"Ulipompa chumvi."

Alibaki ameinama pale ukingoni. Kisha Rozalia akaona mkono wake ukipapasa kifuani, ukitafuta kifungo cha shati. Mtumbwi ulikuwa umeshaachana na meli.

Goreth hakulia. Alishika mizigo isilowe.

"Theopista anampenda," Rozalia alimwambia.

"Najua, mama."

"Nani atamwambia?"

"Mimi. Akilia, atalia kwetu, tunamwona."

Rozalia alivuta kanga ya mwanawe, akamrudishia kichwani, kwa sababu upepo wa ziwa ulikuwa mkali.