Mkanda wa Jeshi Usoni

Jicho langu la kulia halioni. Mwanga linauona, na mtu akipita mbele yangu naona kivuli kikipita, basi. Lilikufa kwa mkanda wa jeshi, na mkanda wa jeshi ulinitoka siku kumi na mbili baada ya kuchanjwa chanjo ya Korona.

Mie mchonga vinyago. Naishi Bunju, kibanda cha kazi kiko uani kwangu. Nilichanjwa mwishoni mwa mwaka 2021 na sikuwa nimetaka. Mke wangu Adelina ndiye aliyenisukuma. Kila siku ananiambia baba Jenipher, kifua chako kimejaa vumbi la mpingo, Korona ikikukuta hutoki. Nikaenda ili nipumzike na maneno.

Siku ya kumi na mbili niliamka paji la uso linawaka upande wa kulia, kama mtu kanipitishia pasi. Kesho yake yakatoka malengelenge, kuanzia kwenye nywele hadi kwenye kope, na moja kwenye ncha ya pua. Lile la puani sikulijali. Baadaye niliambiwa kwamba hilo hasa ndilo lilitakiwa kunikimbiza hospitali, maana likitokea pale, mara nyingi jicho nalo limo.

Apolinari, ninayechonga naye, aliniangalia akaweka patasi chini.

"Braza, huo mkanda wa jeshi."

"Mkanda unakaa kiunoni."

"Wako umepanda cheo."

Akacheka, kisha akaacha. Kwetu mtu akitoka mkanda wa jeshi, watu wanaanza kuhesabu alikolala. Wanasema ana ngoma, ana UKIMWI. Niliona Apolinari ameanza kuhesabu, nikamwambia haraka kwamba ni chanjo hii. Jioni nikamwambia na Wahiba mwenye duka, na kwa Wahiba hakuna neno linalolala. Siku ya tatu mtaa mzima unajua Ferdinand kaharibiwa na chanjo. Niliridhika. Maneno hayo yalikuwa na nafuu kuliko yale mengine.

Adelina alitaka twende hospitali tangu siku ya kwanza. Nilikataa. Nilijua watanipima damu, na kwenye foleni ya kupima damu hukosi jirani. Halafu nilikuwa na langu kichwani. Utotoni kule Newala tulikuwa tunaambiwa mkanda wa jeshi unaua pale tu ncha zake mbili zinapokutana. Usipozunguka ukafunga, unapona. Marehemu baba aliupata kiunoni, akawa anapimwa kwa uzi kila asubuhi. Haukufunga, akapona.

Basi nami nikawa naupima wangu. Nilichukua penseli ninayochorea magogo, nikachora mstari katikati ya paji la uso kutoka kwenye nywele hadi juu ya pua, na kila asubuhi nikasimama mbele ya kioo. Malengelenge yalifika kwenye mstari yakasimama. Siku ya nne yamesimama. Siku ya sita yamesimama. Nikamwita Adelina aone hauvuki.

"Na jicho?" akauliza.

Jicho lilikuwa jekundu, limevimba, linatoa machozi na haliwezi mwanga. Nilisema ni uvimbe wa juu unashuka. Nikalifunga kitambaa nikaendelea kuchonga na lile jingine. Alipoendelea kunifuata nilimwambia yeye ndiye aliyenipeleka kwenye sindano, kwa hiyo anyamaze. Akanyamaza.

Siku ya tisa nilifumbua kope kwa vidole, nikaziba jicho la kushoto, na kwenye kioo hapakuwa na mtu. Palikuwa na weupe tu, kama maji ya mchele. Hapo nikasema twende.

Daktari wa macho alikuwa binti anayeitwa Rumaisa, mdogo kuliko mwanangu wa kwanza. Damu walipima kweli. Sikuwa na virusi vya UKIMWI. Adelina alishukuru Mungu pale pale kwenye benchi, mie nikaikunja karatasi ya majibu nikaitia mfukoni. Siku tisa nilikuwa naikimbia karatasi ile.

Nilimweleza daktari habari ya ncha kukutana. Hakucheka. Akasema mkanda wa jeshi unafuata mshipa wa fahamu wa upande mmoja, kwa kawaida hauvuki katikati ya mwili, kwa hiyo ningeweza kusimama mbele ya kioo mwezi mzima na nisione cha kunitisha.

Nikamuuliza lile nililokuja nalo. "Ni chanjo, daktari?"

"Sijui, baba. Wapo walioupata siku chache baada ya kuchanjwa, na wapo wengi wanaoupata bila chanjo yoyote, hasa wakifika umri wako. Wachunguzi bado hawajakubaliana. Utotoni uliugua tetekuwanga?"

"Niliugua."

"Basi kirusi chake ndicho hiki, ulikuwa nacho mwilini miaka yote. Kilichokiamsha siwezi kukuapia."

"Sasa nimlaumu nani?"

Alikuwa anaandika, hakuinua kichwa. "Dawa ya kumeza inasaidia zaidi ikianza ndani ya siku tatu tangu malengelenge yatoke. Hilo naweza kukuapia."

Adelina alikuwa amekaa pembeni yangu. Hakunigeukia.

Nilimeza dawa, nikaweka matone miezi mitano. Uvimbe ulikwisha, kovu likabaki juu ya kioo cha jicho. Nimemfuata Wahiba mara mbili kumwambia sina hakika kama ilikuwa chanjo. Anasema nimepewa kitu niseme hivyo. Hakuchanjwa, na watu wa nyumba yake hawakuchanjwa.

Hesabu ya nilivyopoteza ni hii. Jicho moja. Ncha ya kidole cha shahada cha mkono wa kushoto, kwa sababu kwa jicho moja sijui patasi imefika wapi. Kazi ya kuchonga sura, miaka thelathini niliyojifunza, sasa anachonga Apolinari, mie napiga msasa. Na Adelina. Nilimwomba radhi mwaka uliofuata, akasema yameisha, akaendelea kuchambua mchele. Lakini hajaniambia tena niende popote.